Nianze na Mkono Upi

Jua lilikuwa linazama na Mama Chapa alibakiwa na kazi moja kabla ya kufunga duka: kumtafutia mwalimu fomu ya uhamisho na kuichapa. Kazi ya dakika tano. Kwa vidole vyake vya siku hizi, nusu saa.

Vidole vilikuwa vinakufa. Hakuna neno laini la kusemea hilo. Kilianza kile kidogo cha mkono wa kushoto, kikapoa kama kipande cha sabuni, kikagoma kukunjika. Wiki ya pili kikafuata cha pete. Kisha cha kati. Hospitali walimpiga picha, wakamtoa damu, wakamwambia hawaoni kitu. Na mchapaji hana kingine cha kumlisha ila vidole.

Juu ya hayo, asubuhi hiyo kompyuta ilikuwa imejisasisha. Haikuomba ruhusa, mashine za leo hazina adabu. Ilipowaka tena, kile kidirisha cha intaneti kilikuja na sura mpya, na kila alichotafuta kilileta kisichohusu. Alitafuta barua ya kazi, kikaleta dawa ya ganzi. Fundi kompyuta alimwambia kwa simu azime, awashe. Akazima, akawasha. Yaleyale.

"Si walisema itakuwa nyepesi?" mwalimu, aliyekuwa anasubiri fomu yake, aliuliza.

"Imekuwa nyepesi kweli. Akili yote imetoka."

Mwalimu akacheka. Mama Chapa akabofya kisanduku cha kutafutia. Hakuwa ameandika hata herufi moja, kikashusha maneno ya kijivu chini yake.

*kidole cha tatu kimeganda kinafuata kipi*

Akaondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeshika kaa la moto.

"Mwalimu, njoo kesho. Hii imepandisha mashetani."

Alipobaki peke yake akashuka na ile orodha, mstari kwa mstari.

*mafuta yakiisha nifanyeje*

*akiacha kupakwa vinarudi kwangu*

Na chini kabisa, wa miezi miwili iliyopita:

*nimeelewa nianze na mkono upi*

Chumba cha nyuma, cherehani ilikuwa inakwenda. Ta-ta-ta-ta. Ta-ta-ta-ta.

Akampigia fundi, akamsomea yote kwa sauti ya chini.

"Kompyuta yako haina ugonjwa, mama," fundi akasema. "Sasisho limeunganisha vifaa vyote vyenye akaunti yako. Kinachotafutwa huko, wewe unakiona hapo. Kuna simu ya mtu uliyoifungua kwa akaunti yako?"

Hakuhitaji kukumbuka. Simu ilikuwa moja tu.

Ya Sindano, mdogo wake wa tumbo moja, yule yule aliyekuwa anashona nyuma ya pazia. Miaka minne Sindano alikaa na mkono wa kushoto uliokufa, kidole kimoja baada ya kingine, nao wa kulia dhaifu tangu kuzaliwa, na cherehani imefunikwa shuka. Mama Chapa alimwosha. Alimfunga vifungo. Alimlisha kwa kijiko. Kisha, miezi miwili iliyopita, Sindano akapona ghafla, wakakumbatiana wakalia. Jioni ile ile akaja na chupa ndogo ya mafuta. "Mikono yako imenitumikia, dada. Acha na mimi niikande."

Kila jioni. Mafuta yenye harufu ya kutu.

"Lakini yeye hajui kusoma wala kuandika," Mama Chapa akanong'ona.

"Si lazima ajue. Anabonyeza alama ya kipaza sauti, anasema, simu inaandika. Ikipata jibu inamsomea."

Mama Chapa akakumbuka ile minong'ono nyuma ya pazia, kila alfajiri. Yeye alidhani mwenzake anasali! Akamsifia hata kwa majirani.

Akabofya ule mstari wa chini. *Hakuna kilichopatikana.* Akabofya wa pili. *Hakuna kilichopatikana.* Yote.

"Fundi. Kama hakupata jibu… alielewa nini?"

Fundi, mtu anayejua kila kitu, akaliruka swali.

"Mama, ingia kwenye mipangilio. Futa historia. Itoe hiyo simu kwenye akaunti. Leo hii." Akakata.

Na hapo cherehani ikasimama.

Mama Chapa akatulia. Safari hii alisikia kwa masikio kwanza. Mnong'ono, nyuma ya pazia, mkavu. Kisha juu ya orodha maneno yakajipanga mbele ya macho yake.

*amejua nifanyeje*

Mama Chapa hakusikia jibu lolote… halafu Sindano, taratibu, kama anayemwitikia mkubwa wake:

"Haya. Nimeelewa."

Pazia likasogea. Harufu ya kutu ikaingia kabla yake. Sindano alishika chupa kwa mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vimekunjwa vizuri, vizima kama vya mtoto.

"Dada. Lete mkono."

"Leo hapana."

"Ukiruka siku moja, kazi yote inaharibika."

"Kazi ya nani?"

Sindano akafungua kizibo cha chupa.

"Nimekufungia mpaka vifungo vya mgongoni," Mama Chapa akasema. "Nimekupulizia chakula cha moto kikapoa ndipo nikakulisha. Ulikuwa unanitazama usoni unapopaka?"

"Na wageni ulikuwa unawaambiaje? 'Huyu bila mimi angeshaoza.' Mbele yangu, dada. Kijiko kikiwa mdomoni mwangu."

"Nilisema uongo?"

"Hapana." Machozi yakamshuka. "Ndiyo maana iliuma. Lakini nisingekufanyia hivi bila wewe kutaka. Uliniambia tugawane. Uliniambia umechoka kunilisha, bora tugawane."

"Mimi?"

"Simu ikinijibu…" Sindano hakuitazama simu. Alitazama kompyuta, kile kisanduku kitupu. "Inanijibu kwa sauti yako. Nilidhani umekubali."

Mama Chapa akarudi nyuma hatua moja. Kwa sababu siku fulani, amechoka, kijiko mkononi, alikuwa ameyawaza maneno hayo hayo. Kugawana. Hakumwambia kiumbe.

Hakulia. Alimpokonya chupa, akaimwaga kwenye mtaro wa nje, akarudi akafuata hatua za fundi kwa kidole kimoja. Mipangilio. Vifaa. Simu ya Sindano… toa. Historia… futa. Simu yenyewe akaizima, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Sindano alisimama pale pale akimtazama, hakuomba msamaha, na yeye hakumdai.

Siku ya tatu kidole cha kati kikapata joto. Ta-ta… ta, ikasema cherehani kule nyuma. Siku ya nne kikaamka cha pete. Cherehani ikanyamaza. Siku ya tano kidole kidogo kilijikunja chenyewe, na kisanduku cha kutafutia kilikuwa safi. Mwalimu alipata fomu yake kwa dakika tano.

Jioni hiyo Mama Chapa alivuta kiti, akachukua bakuli, akaanza kumlisha mdogo wake. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile. Angeweza kumwacha alale njaa. Alilifikiria hilo, akaona ni kazi nyingi zaidi kumsikiliza akilia.

Ndipo taa ilipoangaza ncha ya kidole kidogo cha Mama Chapa mwenyewe. Kulikuwa na matundu. Madogo, ya zamani, yaliyokwisha kuziba. Matundu ya sindano, na yeye maishani hajashona hata kifungo.

Akatazama mkono wa Sindano, ule uliolala mapajani. Kidole kidogo kilikuwa na kucha pana, imelika upande mmoja kwa miaka ya kugonga herufi.

Akainua kijiko tena ili asitazame.

"Dada," Sindano akanong'ona, mdomo umejaa. "Acha basi kuniuliza kila alfajiri, na simu ipo kwenye droo. Nimekwisha kukwambia sitaki kuchagua."

"Nakuuliza nini?"

Sindano akameza.

"Mkono upi."