Sumu ya Mtu Mmoja

Honda nyekundu ilikata kona ya soko la samaki bila kugusa breki.

Delfina Escabarte alikuwa nyuma yake, juu ya Yamaha aliyomnyang'anya muuza barafu. Macho yake hayakumtazama dereva wa ile Honda. Yalitazama sanduku jeupe lililofungwa kwa kamba nyuma ya kiti chake.

"Kasili, uko wapi?" Sauti ya Kanali Tunacao ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni.

Kasili lilikuwa jina lake la kazi. Maana yake mkunga, yule samaki mtelezi kama nyoka. Waliompa walikuwa wamejaribu kumshika.

"Nyuma yake. Anaelekea kanisani."

"Namtaka hai. Na hilo bomu lisilipukie watu wanaotoka misa."

"Kama ni bomu."

"Sikukuuliza maoni yako."

Aliingia kichochoro cha wauza samaki wakavu, akapita kati ya matenga, akatukanwa yeye na mama yake mzazi, kisha akatokea mbele. Honda ilipofika, Delfina alinyoosha mguu na kulipiga teke gurudumu la mbele.

Dereva aliruka. Alitua kifudifudi juu ya lundo la dagaa.

Kabla hajakohoa, mdomo wa bastola ya Glock ulikuwa nyuma ya sikio lake.

"Jina."

"Rodel. Dada, mimi mpeleka mizigo tu."

"Na mimi mpokeaji. Fungua sanduku."

Rodel alifungua papo hapo. Delfina alijua ya kuwa mtu mwenye bomu hafungui upesi hivyo.

Hapakuwa na waya wala saa. Kulikuwa na makopo sita ya unga, na juu ya kila kopo karatasi ya kijani: BINHI, LISHE YA VINASABA VYAKO. Chini yake, jina la mshauri wa lishe, Gerrit Maas, na la mteja.

Mheshimiwa Jaji Anastacio Lerio.

Mji mzima wa Surigao ulikuwa ukilitamka jina hilo wiki ile. Bandarini ilikuwa imetia nanga meli ya wageni, tumbo limejaa udongo wa nikeli uliochimbwa kwa wizi kwenye mlima wa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Jaji Lerio aliizuia meli hiyo kwa amri ya muda. Amri ingekufa leo saa nane mchana. Jaji akiketi mahakamani, angeifunga meli moja kwa moja. Asipoketi, meli ingeng'oa nanga, na ushahidi wote ungeishia bahari kuu. Ndiyo maana Idara ya upelelezi, alikofanya kazi Delfina, ilikuwa ikitafuta bomu la kumuua jaji.

Delfina alifungua kopo. Akanusa.

Akanusa mara ya pili.

Ilikuwa harufu ya habas, yale maharage mapana yanayokaangwa na kuuzwa kwenye vipakiti. Kila mtu aliyakula na bia. Nyumbani kwa Delfina hayakuwahi kuingia. Mwanawe Iking alitobolewa kisigino alipozaliwa, kama watoto wote, na nesi akarudi na alama nne ambazo kina mama wa visiwa hivi wanazijua kama majina ya watoto wao: G6PD. Kasoro ndogo kwenye jeni moja, aliyoirithi kwake yeye mama, aliyeibeba bila kuugua. Mtoto anakula, anacheza, anakua. Lakini apewe habas, au avute harufu ya nafthalini ya kabatini, au ameze dawa fulani za malaria, basi chembe nyekundu za damu yake zinapasuka kama mapovu. Iking alikula kipakiti kimoja tu kwenye sherehe ya jirani. Siku iliyofuata macho yake yalikuwa ya njano, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya soda ya kola.

Simu ya Rodel ililia. Kwenye kioo: Bwana Gerrit.

"Pokea. Weka sauti ya nje," Delfina alisema. "Umepata pancha."

"Uko wapi, mjinga wewe?" Sauti ya kigeni, ya mtu asiyezoea kusubiri.

"Njiani, bosi. Pancha."

"Basi baki huko huko. Nilichonacho hapa kinatosha. Hawezi hata kupanda ngazi. Saa nane itamkuta kitandani, na kesho itamkuta kwenye jeneza."

Simu ikakatika.

Rodel alikuwa amepauka. "Ni unga wa lishe, dada. Naapa. Hata mimi nauonja."

"Ndiyo maana uko hai. Hukuandikiwa wewe."

Alimfunga pingu kwenye nguzo ya taa na kubonyeza redio.

"Kanali. Silaha ni chakula. Huyu Gerrit, mshauri wa lishe wa jaji, anamuua mezani pake."

Kikafuata kicheko kisicho na furaha. "Nimekutuma bomu, unaniletea uji?"

"Kampuni ya Binhi husoma vinasaba vya wateja kwenye mate, na ya jaji waliyapima. Waliona ana kasoro ya damu ambayo mwenyewe haijui. Wakamwandikia ale kile kile kinachomuua."

"Kuna mlinzi anayeonja kila sahani ya yule mzee."

"Mlinzi hana kasoro ile. Angekula gunia zima asiumwe."

"Kasili, sikiliza. Rudi bandarini sasa hivi. Ukienda kwa Lerio bila kibali changu, kesho utaongoza magari barabarani."

"Nitahitaji filimbi," alisema, na kuzima redio.

*

Mlinzi wa geti la Jaji Lerio alimjua. Hakufurahi.

"Wewe. Mzee alisema usikanyage hapa."

"Mwambie nimekanyaga."

"Dada, usinitafutie..."

Hakumaliza. Delfina alikuwa amekwisha kumpokonya funguo, na mkono wa mlinzi ulikuwa umekunjwa mgongoni kwake. Aliachiliwa ndani ya geti, akigumia na kumfuata nyuma kwa matusi.

Mezani walikuwa watatu. Jaji Lerio, mzee aliyekuwa mnene mwezi uliopita, sasa shati linamning'inia. Mkewe, Mama Soledad. Na mwanamume mrefu wa kigeni mwenye shati la kitani na tabasamu la mtu wa matangazo, ambaye alikuwa akikoroga unga ndani ya glasi ya maji ya dafu.

Gerrit Maas.

Jaji aliinua macho. "Idara imekosa adabu mpaka imekuleta mezani kwangu?"

"Mheshimiwa, usinywe hiyo."

"Binti huyu," jaji alimwambia mgeni wake, "aliniletea kesi ya magendo isiyo na kichwa wala miguu. Nikaitupa nje, na yeye nikamtupa nayo. Naona hakuchoka kutupwa."

"Nitupe tena baadaye. Weka glasi chini."

Maas alicheka kwa upole. "Ni lishe tu, bibie. Tumesoma vinasaba vya Mheshimiwa. Kila mtu ana mwili wake. Wa kwake unakataa nyama, unataka maharage. Amepungua kilo tisa."

"Sijawahi kujisikia mwepesi hivi," alisema jaji. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima, na alikuwa ameketi.

"Unaogopa kuna sumu?" Maas aliinua glasi, akanywa nusu yake, akapangusa midomo. "Haya. Niko hai." Akamgeukia yule mlinzi mwonja chakula, aliyesimama mlangoni. "Na wewe ulikunywa asubuhi. Unaumwa?"

"Hapana, bwana."

"Unaona?" alisema jaji. "Toka nje."

Delfina hakutoka. Alimtazama mzee machoni. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ya embe bivu.

"Mheshimiwa, mkojo wako una rangi gani?"

Uma wa jaji ulianguka kwenye sahani. Hata mlinzi aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Wewe mwanamke una wazimu," jaji alisema taratibu.

"Kama kahawa."

Alikuwa Mama Soledad. Hakumtazama mumewe.

"Kama kahawa nyeusi, tangu juzi. Nilimwambia twende hospitali. Huyu bwana akasema ni uchafu unatoka, ni mwili unajisafisha." Sauti yake ilikatika. "Mimi ndiye niliyemnunulia kipimo. Ilikuwa zawadi yake ya kuzaliwa."

"Mama, ana ndugu aliyewahi kugeuka njano?"

"Kaka yake. Alipewa dawa ya malaria jeshini. Hakurudi."

Jaji alimgeukia mkewe, kisha akaigeukia glasi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza ushahidi.

"Mimi nikinywa, mlinzi akinywa, huyu akinywa, hatufi," Delfina alisema. "Sumu hii ni ya mtu mmoja. Walikusoma mate, wakaona mlango uko wapi, wakaingia."

Maas aliweka glasi mezani bila kelele. Tabasamu lilibaki pale pale, ila macho hayakuwemo tena ndani yake.

"Mnajua shida yenu?" alisema. "Mnatema mate kwenye kichupa, mnalipia na kulipia, halafu mnashangaa mtu akiyasoma."

Mkono wake ulitoka chini ya shati na bastola ndogo ya Ruger. Mkono wa pili ulikuwa umekwisha kumvuta Mama Soledad kwa nywele.

"Mzee anamaliza glasi. Kisha mimi na mama tunatembea mpaka kwenye gari."

Jaji alinyoosha mkono kuichukua glasi. "Mwachie," alisema. "Nakunywa."

Delfina alimtupia Maas lile kopo alilokuja nalo.

Unga ulipasuka usoni kwa Maas kama moshi. Risasi ilipiga dari. Mama Soledad, ambaye hakuna aliyemtarajia, alinyanyua bakuli lake la mchuzi wa kuku lililokuwa likifuka mezani na kummwagia Maas mapajani. Maas alipiga yowe. Delfina aliukamata mkono wenye Ruger, akauzungusha, akasikia mfupa ukilia.

Maas alipiga magoti juu ya zulia.

"Hiyo ilikuwa ya zawadi ya kuzaliwa," Mama Soledad alimwambia, akitweta.

Nyuma yao kitu kizito kilianguka. Jaji Lerio alikuwa sakafuni.

*

Daktari wa zamu, mwanamke mfupi aliyekuwa na usingizi wa siku mbili, hakuhitaji maelezo mengi. Alivuta damu, akaitazama, akaguna.

"Amebakiwa na damu ya mtoto. Kiasi hiki umri huu, wengi hawafiki mlangoni." Akatundika chupa ya damu. "Nani alimpa habas?"

"Mshauri wa lishe."

Daktari alitamka neno ambalo halitamkwi hospitalini.

Jaji alifumbua macho chupa ikiwa nusu. Kitu cha kwanza alichotafuta ni saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo.

"Mleteni karani wangu. Na mawakili wa pande zote mbili."

"Mheshimiwa, umelazwa," daktari alisema.

"Mdomo haujalazwa."

Walikuja. Wakili wa wenye meli, suti ya kijivu, alisimama miguuni pa kitanda akiwa amekunja pua.

"Kwa heshima zote, hii ni wodi. Si mahakama. Mheshimiwa hana hali ya kuamua lolote."

"Mahakama inaketi alipoketi jaji," alisema Lerio. Ngozi yake ilikuwa ya njano juu ya shuka jeupe, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, lakini ilifika mpaka mlangoni. "Wewe una neno jingine, au ni hilo la pua?"

Wakili alifungua mkoba wake, akaufunga tena.

Karani aliandika. Meli ilifungwa pamoja na nahodha wake na udongo wake. Jaji alitia sahihi kwa mkono usio na sindano. Wakili alikuwa wa kwanza kutoka, na korido nzima ilisikia jinsi alivyoufunga mlango.

Delfina alikuwa ameegemea ukuta. Jaji alimtazama bila upendo.

"Kesi yako ile ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa mbovu."

"Ningeitupa tena leo."

"Najua, Mheshimiwa."

"Basi." Alifumba macho. "Una mtoto mwenye hali hii?"

"Wa kiume. Ana miaka minane."

"Atafika umri wangu?"

"Akinisikiliza."

Kona ya mdomo wa mzee ilicheza kidogo. Kisha akalala.

Koridoni Delfina aliwasha redio, nayo ikakwaruza. "Kasili."

"Nipo, Kanali."

"Tumevunja ofisi za Binhi. Friji nne za mate ya watu. Wabunge, mapadri, mahasimu, wachumba." Kanali alikohoa. "Na mimi. Mke wangu alinilazimisha."

"Walikuandikia nini?"

"Nile maharage kwa wingi."

Delfina alisimama. "Ulikula?"

"Nayachukia maharage."

"Nenda upimwe hospitali leo. Damu, si mate."

"Hiyo ni amri?"

"Chukulia hivyo."

Kanali hakubisha. Alikata mawasiliano bila kutaja magari wala barabara.

Mwishoni mwa korido Gerrit Maas alikuwa ameketi kwenye benchi kati ya askari wawili, mkono kwenye plasta, macho mekundu kwa unga. Alipomwona Delfina alinyoosha shingo.

"Una damu ya kurithisha, wewe. Nimekuona ulivyoyajua yale maharage. Mwanao, sivyo?" Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza kitu. "Yapo mengine ndani yako usiyoyajua. Moyo, ini, akili ya uzeeni. Mimi nasoma. Niachie dakika tano na simu, nikwambie kitakachokuua."

Askari mmoja alimtazama Delfina, akisubiri amri.

Delfina aliikaza Glock kwenye mkoba wa kiunoni na kuvaa miwani yake ya jua.

"Nakijua tayari," alisema. "Njaa. Sijala tangu jana."

Akampita, akasukuma mlango, akaingia juani kutafuta mahali wanapouza samaki wa siki.