Lori la Kijani Chini ya Glasi

Mzee alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, damu imeganda kisogoni, na juu ya meza treni yake ndogo bado ilikuwa ikizunguka. Stesheni, daraja, stesheni, daraja. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima.

Inspekta aliizima. Wenzake walimbandika jina la Kupe, kwa kuwa aking'ata haachi.

"Silaha?"

"Hii hapa, afande." Koplo alionyesha kipande cha reli halisi, urefu wa shubiri, ambacho marehemu alikitumia kukandamiza vitu alivyovitia gundi. "Kimefutwa kwa kitambaa. Na mtuhumiwa tunaye. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mtuhumiwa alikuwa mwana wa marehemu. Alikaa kibarazani na pingu mikononi, shati limelowa damu. Majirani walimsikia asubuhi akigombana na baba yake, na saa nane mchana walimkuta ameipakata maiti.

"Mligombania nini?"

"Chumba." Kijana alilia bila haya. "Nimeoa, afande. Mimi na mke wangu tunalala sebuleni, treni ina chumba chake. Nikamwambia, baba, heri ungenizaa behewa. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

"Ulimpiga?"

"Nilimkuta hivyo. Nilimwinua nikidhani bado anapumua."

Mama yake alimshika Inspekta mkono kwa nguvu. "Mwanangu, mume amekwenda. Ukinichukulia na huyu, basi nichimbie na mimi kaburi. Sina mwingine."

Inspekta hakumwahidi kitu. Ushahidi wote ulikuwa umemkaba kijana koo, na jioni ile angepelekwa rumande kwa kosa la mauaji.

Akarudi chumbani. Mji mzima ulikuwa umepangwa mezani, mji wa zamani: mabasi yenye pua ndefu, teksi nyeusi, gari la zimamoto lenye ngazi ya mbao, yote madogo yasiyozidi kidole. Marehemu aliyaunda, na mdogo wake aliyapaka rangi. Walifanya hivyo miaka kumi na miwili, na Jumamosi wangewaonyesha watu kwa mara ya kwanza. Huyo mdogo mtu alikuwa ameitwa kutoka kwake, akasema hajafika hapa leo, na sasa aliinama pembeni, uso viganjani.

Karibu na taa kulikuwa na glasi iliyopinduliwa, na chini yake lori la kijani, rangi bado mbichi. Inspekta alilitazama kwa lenzi. Kisha akapiga magoti kando ya maiti. Dole gumba la kulia na vidole vyake vilikuwa na rangi ileile ya kijani, na upande wa kulia wa lori ulikuwa na alama za vidole hivyo. Mzee alikufa akiwa ameshika lori, dole gumba likiwa kwenye mlango wake wa kushoto. Lakini mlango ule ulikuwa laini, hauna hata alama.

"Koplo, maiti hupaka rangi?"

"Haipaki, afande."

"Basi niletee yule kijana."

Alipoletwa, Inspekta alimuuliza, "Rangi mbichi ikiingia alama ya dole, utafanyaje?"

"Si nitapaka nyingine juu yake?"

"Na wewe, fundi?"

Mdogo wa marehemu aliinua kichwa. Swali la kazi lilimwamsha. "Thubutu! Ukipaka juu itavimba. Unaifuta ile iliyochafuka kwa tone la tina ya kuyeyushia rangi, unangoja, halafu brashi ya unywele mmoja, kutoka juu kwenda chini, mara moja tu. Kisha unafunika na glasi, vumbi lisi..."

Chumba kizima kilikuwa kinaitazama ile glasi.

"Umesema hujafika hapa leo," Inspekta alisema taratibu. "Alama za vidole kwenye glasi zitanieleza. Ila ningependa unieleze wewe."

"Baba mdogo?" kijana aliita.

Mtu yule alilitazama lori. "Miaka ishirini na miwili iliyopita niliendesha lori kama hilo. Mwanangu alikuwa kando yangu, miaka sita. Treni ilitugonga kwenye kivuko cha reli. Nilizinduka hospitali, mwanangu keshazikwa, sikumbuki kitu. Kaka ndiye alikuwa mlinzi wa geti. Akasema geti lilikuwa chini, nimelivunja. Nikaamini. Nimeishi nalo."

"Na leo?"

"Nimekuja saa saba, namkuta na lori langu mkononi! Kalipaka mwenyewe kwa siri, hata halijakauka, analipeleka kivukoni. Nikamwomba, kaka, liweke sokoni, liweke gereji, popote, si pale. Akasema lazima liwe pale, Jumamosi watu waje waone. Nikajua anataka kunianika. Sijui nilikishikaje kile chuma."

"Mlango uliusafisha kwa nini?"

"Mwanangu alikaa upande ule." Aliunyooshea kidole. "Nisingeweza kumwachia mlango umechafuka."

"Na huyu mwana wa kaka yako? Ungemwacha anyongwe?"

"Nilikuwa najiambia nitasema kesho."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Shemeji," alisema, "kaka yako wiki nzima hakulala. Alisema Jumamosi atatua mzigo. Kuna dhuluma aliyokufanyia wewe."

Inspekta aligeukia kivuko mezani. Geti lilikuwa juu. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu, halikushuka.

"Hili huwa linashuka?"

"Kila treni ikikaribia. Tumelifungia mota."

"Amelikaza kwa gundi, likae wazi." Inspekta alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza mchana ule aliichukia kazi yake. "Siku ile hakulishusha. Alikuwa anataka watu walione geti, bwana. Hukuvunja kitu."

Koplo alimfungua kijana, mama yake akamkumbatia akilia. Zile pingu zikamgeukia baba yake mdogo, naye akazipokea bila kuziangalia. Alikuwa amepiga magoti kando ya maiti.

"Ungeanza na geti, kaka," alisema. "Ungeanza na geti tu, lori ningekupakia rangi mimi."