Shemeji Aliniozesha Nikiwa Nyuma ya Pazia

"Careen, leo huimbi."

Nilidhani ananitania. Maiki nilikuwa nimeshaishika jamani!

"Siimbi kivipi, shemeji?"

"Ataimba Saada, yule mgeni. Katoka Dar, ana lafudhi ya mjini. Wewe kakae nyuma ya pazia."

Huyo ni Leonce, mpiga gita wetu, mume wa dada yangu Leticia.

Ndugu zangu mnaosoma, hapo ni Songea, 1991. Ruksa ya biashara imefunguka, mitumba na kaseti za Ulaya zimejaa sokoni. Tulianzia kwaya ya parokia, tukaingia dansi, halafu roki ikatuteka! Leonce akachana spika kwa wembe ili gita likorome. Watu wakasema tumeharibu muziki. Tukakaza.

Nyimbo nilitunga mimi. Zote za maisha ya Dar... na kwenye bendi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Dar!

Nilikuwa nawauliza abiria wa mabasi, nisichoambiwa najazia. Ndiyo maana kwenye wimbo wetu mkubwa watu wa Dar wanaamka wanatetemeka, wanagombea sweta za mitumba. Nilijua asubuhi ni baridi kila mji, kama kwetu Mshangano mwezi wa sita.

Siku hiyo, ukumbi umejaa, alikuja Mzee Muhsini, mfanyabiashara wa kaseti. Akitukubali, tunarekodi. Akitukataa, bendi imekufa, maana tulishachoka. Mimi nilichoka zaidi.

Saada akaimba. Nasikiliza ubeti wangu... sweta hakuna! Leonce kaweka jasho na feni.

Ukumbi ukapoa.

Mzee Muhsini akasimama.

"Wimbo wa sweta uko wapi? Niliusikia Nalasi nikinunua korosho, kwenye kaseti ya dereva aliyewanasa dansini. Wallahi nimekuja kwa ajili ya ule."

"Ndio huu, mzee. Tumeurekebisha."

"Na yule binti aliyeimba?"

"Aliolewa Mbinga. Kaacha muziki."

Weee! Niko nyuma ya pazia, nasikia naozeshwa!

Nikatoka. Sikupiga kelele, nguvu hizo sikuwa nazo.

"Shikamoo mzee. Binti mwenyewe ni mimi."

"Marahaba. Haya, imba."

Nikaimba bila gita. Ukumbi mzima ukaitikia, hata waliokuwa wanatuponda. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kwa nini ulimficha?" akamuuliza Leonce.

"Wimbo una makosa, mzee. Niliogopa Dar watatucheka..."

"Wacha wacheke! Wakicheka watanunua. Nyimbo za jasho ninazo kabati zima."

Leonce akainamisha kichwa. Kila mtu alinitazama mimi, akisubiri nimtukane.

"Chukua gita, shemeji," nikasema. "Turekodi, nikalale."

Msidhani nilikuwa nimesamehe. Roho iliniuma miaka! Ila Jumapili ningemkuta mezani kwa dada, na mji mzima hakukuwa na mwingine wa kulikoromesha gita vile.

Funzo langu ni hili. Adui wa nje utamkimbia. Wa nyumbani utakula naye sahani moja mpaka uzeeni, kwa hiyo usimwachie akusemee ukiwa hai.