Duara Katikati ya Maua

Haya yalimpata baba yangu mdogo. Nimeyasikia kwa mkewe, mama mdogo, ambaye hana tabia ya kutia chumvi.

Ilikuwa asubuhi ya jua. Wote wawili walifanya kazi katika hifadhi ya maua ya porini, yeye dereva wa trekta la kufyeka, mkewe mtunza wanyama. Kila mwaka, maua yakishadondosha mbegu, nyasi hufyekwa kwa utaratibu mmoja: trekta huanzia katikati na kuzunguka kuelekea nje, ili sungura na vifaranga wapate pa kukimbilia.

Siku hiyo waliamka wamenuniana.

"Tafadhali, anzia katikati," mama mdogo alisema.

"Usinifundishe kazi! Kama unawapenda sana hao panya, kaolewe nao."

Akaanzia pembeni. Makusudi.

Alizunguka na kuzunguka, hata nyasi zikabaki duara moja katikati, kubwa kama darasa. Upepo haukuwepo, lakini nyasi zilitikisika. Ndani yake, mtu akakohoa.

Alidhani ni mkewe anamzuia. Akazima trekta, akachomoa ufunguo.

"Toka humo, mwanamke! Nitakufyeka!"

Akashuka.

Akaingia. Hatua kumi. Ishirini. Kwa ukubwa wa duara lile, alipaswa kuwa ameshatokea upande wa pili. Hamsini. Nyasi zilimfika kifuani.

Nyuma yake, trekta likanguruma.

Mama mdogo alikuwa uani, kwenye banda la vifaa. Alipotazama, aliona trekta likizunguka, kiti kitupu. Kila mzunguko, duara lilipungua. Kutoka ndani ilisikika sauti nyembamba, kama ya mtoto:

"Mke wangu, nikimbilie wapi?"

Alikimbia, akasimama mbele ya trekta, mikono juu. Likazimika, likiwa limemkaribia kiasi cha kumchoma kwa joto.

Nyasi zilizobaki zisingemficha mbuzi. Baba mdogo alikuwa humo ndani, amejikunja, ameziba masikio. Ufunguo alikuwa ameuuma kwa meno.

Hajarudi kazini. Halali vizuri pia. Kila asubuhi, kwenye sakafu ya saruji, kitanda chao huwa kimezungukwa na duara la nyasi mbichi zilizokatwa. Mama mdogo hufagia. Duara hurudi. Mwanzoni lilikuwa likigusa kuta.

Jana alilipima kwa mkono. Kutoka kitandani, shubiri mbili.