Kipimo cha Detelina

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na Detelina alilicheka.

Kazi yake pale Ruse, katika nyumba kongwe ya matofali iliyoelekea mto Danube, ilikuwa kulinganisha hifadhidata mbili za wateja wa maji: ile ya zamani, na ile mpya iliyokuwa ikijengwa ichukue nafasi yake. Alitumia programu-jalizi, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani ya kubwa, ambayo huziweka hifadhidata mbili ubavu kwa ubavu na kuonyesha kila zilipotofautiana. Asubuhi ile programu ilisimama katikati ya kazi, ikaandika: *Mstari mmoja hauna mwenzake.* Kisha skrini ikaganda, na chumba kikanuka chokaa mbichi.

"Kaka Ognyan, kuna mtu anapiga lipu humu ndani?"

"Mafundi walishaondoka tangu vuli," alijibu Ognyan, mwenye kampuni, mtu mrefu mwenye macho ya kijivu ambaye kila mlango wa nyumba ile ulimlazimisha kuinama. "Hiyo pua yako inatafuta likizo."

Detelina akafanya yote yafanywayo. Aliiondoa programu-jalizi akaisakinisha upya. Akazima nyingine zote, zisije zikawa zinagombana nayo. Akahakikisha kwamba ana ruhusa ya kusoma pande zote mbili. Ikaenda vizuri hadi palepale, ikaganda. Na ilipoganda, nyuma ya ukuta ukasikika mwiko ukikwangua polepole, kama wa fundi asiye na haraka kwa sababu anajua jengo litakwisha tu.

Hatimaye akaiamuru iruke kosa na kumfungulia mstari wenyewe. Upande wa zamani ulikuwa mtupu. Upande mpya ulikuwa na jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, macho ya kahawia, urefu sentimita 168.

"Kaka Ognyan, mimi nafanya nini humu? Bili ya maji kwetu iko kwa jina la mume wangu."

Ognyan akaja akiwa na kipande cha banitsa, mkate wa jibini, mkononi, akatazama, akaacha kutafuna. "Ni mimi niliyekuweka. Siku tunaanza kujenga nilitaka mstari wa majaribio. Kitambulisho chako kilikuwa mezani, nikanakili. Nikasahau kuufuta."

"Mpaka urefu?"

"Si umeandikwa kwenye kitambulisho, dada? Ningeacha sehemu tupu, ingenikatalia."

"Basi naufuta, tuendelee."

Akaufuta. Wakalinganisha tena. Mstari ukarudi, jina lilelile, macho yaleyale. Ila urefu ulisema sentimita 110.

Akaufuta tena. Ukarudi na 70.

Ndipo ukungu wa mtoni ulipopasuka, jua la mchana likaingia dirishani na kumwaga sakafuni kivuli cha meza, kivuli cha kiti, kivuli kirefu cha Ognyan. Na pale aliposimama Detelina pakawa na doa fupi, hafifu, la kimo cha mtoto anayejifunza kutembea, na alipoinua mkono mmoja ili ahakikishe kuwa ni lake, doa lile halikuwa na mkono wa kuinua. Baridi ikampanda kutoka kwenye nyayo, baridi ya chumba ambacho lipu yake haijakauka.

"Usiguse tena," Ognyan alinong'ona. "Toa mkono hapo kwenye kibodi, taratibu."

"Kaka, nini hiki?"

"Babu yangu alikuwa mwashi, kule Tryavna. Zamani, daraja likianguka kila wakilijenga, waashi walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi, wakauzika uzi ule kwenye msingi. Jengo likasimama. Mwenye kivuli akanyauka, siku arobaini hazikupita akafa, roho yake ikabaki mle ndani kulinda jengo. Wanamwita talasam."

"Lakini wewe hukupima kivuli changu."

"Jengo la namna hii, la maandishi matupu, lina kipimo gani kingine, Detelina? Nilikuweka kwenye msingi."

Detelina akasema kwa sauti ndogo, "Nina mtoto wa darasa la pili, kaka Ognyan."

Wakamwita Baba Mitrofan, padri yuleyule aliyeibariki ofisi siku ya kufunguliwa. Alikuja na bakuli la shaba na fungu la mrihani, akanyunyiza kuta, milango na meza.

"Baba, sio kwenye kibodi," Ognyan aliomba.

"Shetani hajali kibodi, na mimi sijali."

Lakini kila tone lilipogusa ukuta, mwiko ulijibu kutoka ndani, na harufu ya chokaa ikazidi hata wakaziba pua. Padri akaufuta mrihani wake kwa leso. "Msingi ulioahidiwa haukubali kuondoka mikono mitupu. Haya sitayasema kanisani, msinisikie nikiyasema. Wazee waliupa jogoo. Pimeni kivuli chake, zikeni uzi kizingitini, achinjwe hapohapo, kisha jina lake likae mahali pa jina la binti huyu."

Ognyan alirudi kutoka sokoni na jogoo mwekundu kwapani. Hakukubali mtu mwingine apime. "Kosa langu, uzi wangu," alisema. Uani jua lilikuwa limelala chini, nyuma yake. Akamwinamia yule ndege, akanyoosha uzi mwekundu juu ya weusi uliokuwa ardhini, akaukata, akauzika, akachinja. Kisha akaandika kwenye mstari ule: *Jogoo. Macho: manjano. Urefu: sentimita 60.*

Programu-jalizi ikapita mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Sakafuni kivuli cha Detelina kikanyooka kutoka kwenye nyayo zake, kirefu, chenye mikono miwili, naye akakaa kitini akalia bila sauti.

Siku ya kuwasha hifadhidata mpya ilipowadia, alifanya ulinganisho wa mwisho. Ukafika katikati, ukasimama, na nyuma ya ukuta mwiko ukaanza tena kukwangua. *Mstari mmoja hauna mwenzake.* Akaufungua akijiambia kwamba ni mabaki tu. Jina lilikuwa Jogoo. Urefu, sentimita 30. Macho: kijivu.

Akatazama neno lile la mwisho, na tukio la uani likamrudia kama lilivyokuwa: jua mgongoni mwa Ognyan, kivuli chake kikubwa kimemfunika ndege mzima tangu upanga wa kichwani hadi mkia, na uzi mwekundu umenyooshwa juu ya weusi ambao ndani yake hapakuwa na kivuli cha jogoo hata kidogo.

"Kaka Ognyan," aliita. "Uko wapi?"

"Huku kwangu," sauti ilijibu kwa uchangamfu kutoka chumba cha pili. "Na kwangu imeganda, lakini usijali, ni mstari wetu wa yule jogoo. Kila nikiufuta unarudi."

Detelina akainuka na kiti kikaanguka nyuma yake. "Umeufuta mara ngapi?"

"Sijahesabu. Nazima taa, macho yananiuma, na kuna baridi ajabu leo. Ngoja niufute hii ya mwisho."

"Toa mkono, kaka. Toa mkono hapo."

Alikisikia kitufe cha kibodi kikibonyezwa. Kisha, nyuma ya ukuta, mwiko ukaacha kukwangua, na pakawa na mlio mdogo wa chuma kikiwekwa chini, kama fundi awekavyo kifaa chake jengo linapokwisha.