Aliyetulia Ndiye Anayeonekana

Harufu ya wali ilianza pale njia ilipoacha mashamba ya durian na kuingia msituni. Wali wa nazi, wa moto, kama umeepuliwa sasa hivi. Nyumba ya mwisho walikwishaiacha chini kabisa ya mlima, na huko juu hakukuwa na kitu ila mianzi, ruba na maporomoko.

Nazmi aliinusa, akanyamaza. Mtoto wa milima ile ya Perak hufundishwa mapema: msituni hutaji harufu, huulizi sauti, na jina la mtu unaliacha nyumbani. Mwite mwenzio weh, mwite ng'ombe ukipenda, ila jina lake usilitoe mdomoni, na la mama yake ndiyo kabisa. Penunggu, jini mwenye mahali pale, huchukua kinachotajwa.

"Weh, nani anapika huku?" Amsyar akapaza sauti. "Tupakulieni na sisi!"

"Funga domo."

"Msomi anaogopa wali!" Amsyar akacheka, akirukaruka juu ya mawe kama mbuzi aliyeingiwa na siafu.

Hakuwahi kutulia, binamu huyu. Shule ilimshinda, lakini leo ana meza na kiyoyozi katika kampuni ya utalii, kwa kuwa baba yake hunywa kahawa na mwenye kampuni. Nazmi ana digrii ya upigaji picha, na mama anayewaambia majirani kuwa mwanawe anapumzika. Miaka mitatu anapumzika! Sultani gani huyo?

Sasa bosi alitaka picha ya maporomoko ya juu kwa bango kubwa, na atakayeileta angepewa kitengo cha picha. Amsyar, asiyejua kamera inaangalia upande gani, alikuja kumbembeleza: twende abang, kaka yangu, piga wewe, mimi nitakupigia debe.

Walifika jua likiwa utosini. Nazmi akasimamisha stendi, akafunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Jicho la kamera likikaa wazi muda mrefu, maji hugeuka hariri na kila kinachotikisika hufutika. Hubaki kilichotulia tu. Amsyar alikuwa mbele yake, maji kiunoni, anakata mauno.

"Toka hapo!"

"Si ulisema nitafutika? Nifute basi!"

Na kweli, kwenye picha Amsyar hakuwemo. Lakini juu ya jiwe, kando ya pazia la maji, alisimama mwanamke mwenye nywele hadi magotini, anaonekana wazi mpaka kucha. Nazmi akainua macho. Jiwe lilikuwa tupu. Harufu ya wali sasa ilikuwa ya wali unaoungua.

"Tuondoke," akanong'ona. "Sasa hivi."

"Umeipata? Lete kadi." Amsyar akaichomoa mwenyewe, akaitia mfukoni. "Hii naipeleka mimi. Kwa jina langu."

"Ulisema utanipigia debe."

"Bosi hakujui, abang. Nikisema ni yako, si ataniuliza mimi pale nafanya nini? Tulia, nitakununulia kahawa."

Nazmi akaligeukia lile jiwe. Alijua anachofanya. "Amsyar," akasema kwa kifua kizima, "mtoto wa Rogayah!"

Maporomoko yakanyamaza ilhali maji yanaendelea kuanguka, na kutoka nyuma ya lile pazia sauti ya Nazmi mwenyewe ikalirudia jina lile polepole, kwa utamu, kama mama anavyomwita mtoto aje kula, na Amsyar, aliyekuwa akiuona mdomo wa Nazmi umefungwa, akajibu "nakuja" huku machozi yanamtoka, kwa maana miguu yake ilikwishaanza kwenda na yeye hakuwa ameiamuru, ikampeleka hadi kwenye pazia, likamfunika kichwa, likamfunika mgongo, na kisigino cha mwisho kikazama.

Kisha akatoka. Mkavu. Hachezeshi hata kidole.

"Chukua kadi," akasema. "Ni yako."

Kwenye picha, jiwe lilikuwa tupu.

Mama yake Amsyar, ambaye Nazmi humwita Mak Long, yaani mama mkubwa, alifurahi mwanzoni. "Mwanangu ametulia! Umempa dawa gani?" Baadaye akaona jinsi anavyokaa mkekani ameutazama ukuta, hapepesi, nzi wanamtembea juu ya mboni, na chumba kinanuka sufuria iliyoungua. Akamwita Tok Senah, mganga. Bibi yule alinusa mlangoni, akagoma kuingia.

"Huyo siye," akanong'ona. "Wako bado yuko chini ya yale maporomoko, anapigana. Aliyemtaja ndiye atakayemrudisha, palepale, kabla ya mvua. Nani alimtaja?"

Mak Long akamshika Nazmi mikono yote miwili. "Niambie, mwanangu. Mlitajana huko?"

Nazmi alikuwa na shati jipya begani, linasubiri pasi. Kesho ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Amsyar akirudi, atarudi na mdomo wake.

"Hapana, Mak Long. Hatukutajana."

Kile kitu kilichokaa mkekani kikatabasamu.

Mvua zikaja. Bango likatundikwa nyuma ya meza ya Nazmi, na wageni walilisifu. Siku moja bosi akalisogelea. "Hii nini, hapa majini? Kama moshi."

"Ukungu, bosi."

Ukungu ukaota mkono. Kisha bega. Nazmi akahamisha kiti ili asilione, lakini shingo ilijua. Anayetikisika hufutika, na huyu alikuwa anachoka.

Asubuhi moja ofisi nzima ilikusanyika mbele ya bango. Uso ulikuwa wazi mpaka kope, mdomo umeachama kwa ukelele.

"Si Amsyar huyu?" bosi akauliza. "Mbona jana hakuwemo?"

Kutoka nyuma ya bango harufu ikaanza kutambaa, ya wali wa nazi, wa moto, kama umeepuliwa sasa hivi. Nazmi akainamia meza na kuuma ulimi.

Bosi akavuta pumzi, akatabasamu. "Lo! Nani anapika humu?"