Vidonge Viwili vya Kila Asubuhi

— Mimba ni ya nani, Tunu?

Haidari aliniuliza akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda changu cha ushonaji, pale sokoni Kibondo. Zilibaki wiki mbili tufunge ndoa, na shela langu nilikuwa nalishona mwenyewe. Mwanaume hajawahi kunigusa hata kidole, halafu ananiuliza mimba ni ya nani.

— Sina mimba.

— Unatapika. Miguu imevimba, uso umevimba. Mama amekuona, na watu wanasema.

Mama yake, Bi Kudra, alishatangaza kwamba mwanawe hataoa mzigo wa mtu mwingine. Basi ikawa nikitapika, nina mimba. Nikijificha, naficha mimba. Nikienda hospitali ya pale mjini, nimekwenda kuitoa. Nilibanwa kila upande, na mgongo nao unawaka moto, maana kutwa nimeinama kwenye cherehani juu ya stuli isiyo na egemeo.

Dawa ya huo mgongo ilikuwa Haidari mwenyewe. Ana duka la dawa mtaa wa pili, na kwetu mwenye duka la dawa ni dokta tu, vyeti hatumuulizi. Mapenzi yetu yalianzia hapo. Nilikwenda naumwa, akanifungia diklofenaki mbili kwenye karatasi ya daftari, akakataa hela. Kesho yake akanisalimia kwa Kiha chetu, "mwakeye" na kunipa nyingine kabla sijaomba. Mwaka mmoja na miezi minane, kila asubuhi, nilipita kuchukua karatasi yangu. Wenzangu wanahongwa chipsi kuku, mimi nahongwa vidonge, na wallahi nilijiona malkia.

Hata siku ile, baada ya kunisema vibaya, aliacha karatasi ya vidonge juu ya cherehani. Nikameza.

Mchana ikaingia meseji yake: "Mama anasema Jumatatu ukapime, na yeye awepo. Ukikataa hakuna ndoa."

Mimi nikapimwe mbele ya mama mkwe kama ng'ombe wa mnadani? Thubutu. Nikapanda basi hadi Kasulu kwa dada yangu Asmahani, nikamdanganya kwamba nimefuata lesi ya shela. Alinitazama ninavyohema kupanda kibaraza chake tu, akanishika mkono, tukaenda hospitali.

Daktari Asnath alinihoji mpaka habari za choo. Nikamwambia ni cheusi kama lami. Wakachukua damu, wakachukua mkojo. Majibu yaliporudi, mimba hakuna. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

— Tumbo lako linavuja damu, Tunu, na figo zimeanza kushindwa kazi. Huwa unameza nini?

Nikamtajia dawa. Akauliza kwa muda gani, nikamtajia na muda. Akaweka kalamu chini. Alinieleza taratibu kwamba dawa zile za maumivu ni za siku chache. Ukizimeza kila siku zinachubua tumbo na kuzinyima figo damu, na uvimbe ule wote ulikuwa maji yaliyokosa pa kutokea. Alisema nimewahi, nikiacha leo figo zinaweza kurudi, ila lazima nilazwe. Halafu akataka kujua nani alikuwa ananipa.

Hapo ndipo nilipokwama. Karatasi ya majibu ya kunisafisha mimi ndiyo ya kumshitaki Haidari. Nikasema nilikuwa najinunulia.

Siku ya saba niliruhusiwa, nikarudi Kibondo na kwenda moja kwa moja dukani kwa Haidari. Bi Kudra alikuwepo, akageuza uso aliponiona. Nikaiweka ile karatasi ya hospitali mezani. Haidari akaisoma, akairudia tena, na jasho likamtoka.

— Ulijua? nikamuuliza.

— Nilijua ni za siku tano.

— Sasa kwa nini, Haidari?

— Niliogopa. Mgongo ungepona, ungeacha kupita hapa.

Jamani. Nilitaka kumchukia palepale, moyo ukakataa, na hasira ya kukataliwa na moyo wangu mwenyewe ndiyo iliyoniliza.

Bi Kudra hajui kusoma. Akamuuliza mwanawe karatasi inasema nini, mimba ni ya miezi mingapi. Haidari angeweza kumjibu lolote.

— Mama, Tunu hana mimba. Ni dawa zangu. Mimi ndiye niliyemuumiza.

Bi Kudra alikaa chini bila kuangalia anakalia nini. Mimi nikamwambia Haidari ndoa isubiri figo zangu. Zikipona, nitauuliza na moyo kama umepona.

Asubuhi iliyofuata alikuja kibandani bila karatasi. Alikuwa amejitwika kichwani kiti chake cha dukani, kile chenye egemeo, soko zima linamtazama. Alisema duka amelifunga, na amekwenda mwenyewe kwa mfamasia wa wilaya kueleza alichofanya. Akakitua kiti mbele ya cherehani na kuiweka stuli yangu pembeni.

Nikakaa. Mgongo uliuma vilevile. Nikamwambia aende zake, ila kiti akiache.